Ujira wa Fundi wa Ndege na Kodi ya Nyumba Seattle

Tarehe 13 Septemba 2024, mafundi wapatao 33,000 wa kampuni ya Boeing waliweka chini zana zao, wengi wao katika viwanda vya jimbo la Washington, nchini Marekani. Mgomo wao ulidumu siku 53. Vyombo vingi vya habari duniani viliitazama habari hiyo kwa jicho la wenye hisa: ndege ngapi zitachelewa, na hasara itafika mabilioni mangapi. Sisi wakaazi wa visiwani, ambao hatutoki kwetu ila kwa chombo cha baharini au kwa ndege, yafaa tuitazame kwa jicho jingine. Ndege za aina ya 737 MAX zimekuwa zikiunganishwa Renton, mji ulio kando ya Seattle, na miongoni mwazo zimo zile za MAX 9 zilizonunuliwa kwa fedha za umma wa Tanzania, ambazo ya kwanza ilipokewa Dar es Salaam mwezi wa Oktoba 2023. Maadam tunapanda chombo, inatuhusu hali ya yule aliyekaza bolti zake.

Mafundi hao walitaka nyongeza ya asilimia 40 kwa miaka minne. Msikiaji wa mbali husema upesi kwamba huo ni ulafi. Mfanyakazi gani huongezewa karibu nusu ya mshahara kwa mkupuo? Lakini asilimia ni hesabu isiyo na maana mpaka ijulikane imeanzia wapi, na hesabu hii ilianzia miaka kumi nyuma.

Mwezi wa Januari 2014 kampuni iliwaambia wafanyakazi wake kwamba ama wakubali mkataba mpya, ama kazi ya kuunda ndege ya 777X ipelekwe jimbo jingine. Haikuwa ahadi ya kutishia tu, kwani tayari ndege za 787 zilikuwa zinaunganishwa pia South Carolina, katika kiwanda kisicho na chama cha wafanyakazi. Mkataba ukapita kwa kura chache mno, kiasi cha asilimia 51. Kwa mkataba huo pensheni ya kawaida ilisimamishwa na badala yake ikawekwa akaunti ya akiba ambayo faida yake hutegemea soko. Nyongeza ya jumla ya mshahara ikawa asilimia 1 kila baada ya miaka miwili, mbali na marekebisho madogo ya kufuata bei. Katika muda huo wa 2014 hadi 2024, bei za bidhaa na huduma kwa Marekani nzima zilipanda kwa kiasi cha theluthi moja, na Seattle ilipanda kuliko wastani wa nchi.

Mji huu una kisa chake. Boeing ilianzishwa hapo mwaka 1916, na kwa muda mrefu Seattle ilikuwa mji wa ndege kama Tanga ilivyokuwa mji wa mkonge. Kampuni ilipopunguza wafanyakazi kwa maelfu kwa maelfu mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakaazi walihama kiasi kwamba mwaka 1971 liliwekwa bango barabarani likimwomba mtu wa mwisho kuondoka azime taa. Wakati huo fundi alipokosa kazi, nyumba nazo zilikosa mpangaji, na bei zikashuka pamoja naye. Kupanda na kushuka kwa mji kulikuwa kwa mkono wake.

Siku hizi sivyo. Microsoft iko Redmond, ng'ambo ya ziwa. Amazon imejenga makao yake katikati ya mji. Watu wa kompyuta wanalipwa mishahara mikubwa, fauka ya hisa, na hao ndio wanaopanga bei ya nyumba. Fundi wa ndege amebaki katika soko ambalo si lake tena. Nyumba ya kununua mjini Seattle bei yake ya katikati imepita dola 800,000, na chumba kimoja na sebule hukodishwa kwa takriban dola 2,000 kwa mwezi. Kampuni yenyewe ilitaja wastani wa mshahara wa mafundi wake kabla ya mgomo kuwa dola 75,608 kwa mwaka. Tugawe kwa miezi kumi na miwili: ni dola 6,300 kwa mwezi kabla ya makato ya serikali kuu na hifadhi ya jamii. Kodi ya nyumba peke yake inakula karibu theluthi ya fedha hizo kabla hazijafika mkononi, na hapo hatujamtaja mke, watoto, gari, wala bima.

Kwa msomaji wa Unguja au Pemba, dola 6,300 ni utajiri, wala hatumlaumu akisema hivyo. Lakini mshahara haupimwi kwa fedha ya nchi nyingine, hupimwa kwa mlango wa nyumba anakoishi mlipwaji. Mpangaji wa Mjini aliyeona nyumba za jirani zake zikigeuzwa za wageni anaielewa habari hii pasipo kufasiriwa.

Tena huo ni wastani, na wastani huficha wa chini. Kima cha chini cha mshahara mjini Seattle mwaka 2024 kilikuwa dola 19.97 kwa saa kwa waajiri wakubwa, nacho ndicho kinachomlinda mtu anayekaanga chipsi. Baadhi ya mafundi wapya wa ndege hawakuwa wakimzidi sana mtu huyo. Kijana mwenye akili timamu atachagua lipi: ajifunze kwa miaka kazi ambayo kosa moja linaua, au akaange chipsi kwa ujira unaokaribiana?

Hapa ndipo jambo linapotoka katika mfuko wa fundi na kufika kwa abiria. Tusiseme zaidi ya tunavyojua. Ajali mbili za 737 MAX, ile ya Indonesia ya Oktoba 2018 iliyoua watu 189, na ile ya Ethiopia ya tarehe 10 Machi 2019 iliyoua watu 157 waliokuwa safarini kwenda Nairobi, 32 kati yao Wakenya, hazikusababishwa na mikono ya mafundi. Chanzo kikubwa kilikuwa mtambo wa kuinamisha pua ya ndege, uliobuniwa vibaya maofisini na marubani wasielezwe vya kutosha. Dhambi hiyo asibebeshwe mfanyakazi wa kiwandani.

Lakini tukio la tarehe 5 Januari 2024 ni la namna nyingine. Ndege mpya ya MAX 9 ya shirika la Alaska Airlines iling'oka angani kipande kinachoziba nafasi ya mlango, kwa sababu bolti nne za kukishikilia hazikuwapo. Kipande hicho kilifunguliwa Renton ili kurekebisha ribiti zilizotoboka vibaya, kikarudishwa, na hakuna karatasi iliyoandikwa kwamba kilifunguliwa. Wachunguzi walibainisha kuwa katika kikosi kizima cha mafundi wa milango, watu 24, ni mmoja tu aliyewahi kukifungua na kukirudisha kipande cha aina ile, na siku hizo alikuwa likizoni. Mtu mmoja! Wakati wa korona kampuni ilipunguza wafanyakazi kwa wingi na wazoefu wengi wakastaafu mapema. Waliokuja baada yao walihitaji waalimu ambao walikwisha ondoka. Ujuzi wa fundi haukai katika vitabu vya kampuni peke yake. Ukiupunguzia riziki unahama pamoja na mwenyewe.

Fedha je, hazikuwapo? Kati ya 2013 na 2019 Boeing ilitumia zaidi ya dola bilioni 43 kununua hisa zake yenyewe ili bei ya hisa ipande. Mkuu wake wa wakati huo, David Calhoun, alitajwa kupata malipo ya jumla ya dola milioni 32.8 kwa mwaka 2023, sehemu kubwa ikiwa hisa. Aliyepanga kiwanda kwa mizani ya soko la hisa asistaajabu fundi naye akipima kazi yake kwa mizani hiyo hiyo.

Pendekezo la kwanza la asilimia 25 lilikataliwa na karibu asilimia 95 ya wapiga kura, ingawa viongozi wa chama chao walilipendekeza. La pili, asilimia 35, lilikataliwa na asilimia 64. Kukataa huko hakukuwa kwa shibe. Bima ya afya ya waliogoma ilikatwa mwisho wa Septemba, na chama kiliwapa dola 250 tu kwa wiki, kuanzia wiki ya tatu. Kampuni ikatangaza kupunguza wafanyakazi 17,000 duniani kote. Maumivu yakafika hata Kansas, ambako kampuni ya Spirit AeroSystems iliwapumzisha kazi mamia ya watu ambao hawakupiga kura yoyote.

Tarehe 4 Novemba 2024, asilimia 59 walikubali nyongeza ya asilimia 38 kwa miaka minne na dola 12,000 za kutia saini. Pensheni haikurudi.

Wakuu wetu wa Serikali wanaoshughulikia usafiri wa anga wana la kujiuliza katika habari hii. Ndege inaponunuliwa, bei yake hutangazwa, hupokewa kwa maji na ngoma, na picha hupigwa. Mshahara wa atakayeilala chini yake saa nane za usiku akiikagua haumo katika hotuba. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Dar es Salaam, kinafundisha vijana wetu matengenezo ya ndege, na kusomesha mmoja ni gharama ya miaka. Mashirika ya Ghuba hayahitaji kusomesha. Yanahitaji kulipa tu. Kijana akipiga hesabu ya kodi ya nyumba, nauli na ada za watoto, kisha akaona tangazo la kazi la Dubai au Doha, uzalendo wake tusiutie shaka kabla hatujaangalia karatasi yake ya mshahara. Wizara yafaa iwe na orodha kila mwaka ya mafundi wenye leseni waliobaki na waliokwenda zao, na iwekwe mbele ya wabunge pamoja na hesabu za mafuta na vipuri.

Mkataba wa Seattle utakwisha mwaka 2028. Wazee wa kiwandani wamekwisha sema kwamba suala la pensheni watalirudisha mezani siku hiyo.