Kipaji Hakijiuzi

Tuna msemo wa kufungia kila mjadala kuhusu wasanii: kizuri chajiuza. Akitajwa mwigizaji aliyefanya kazi miaka mingi bila jina lake kukaa juu kwenye bango, jibu huwa tayari. Angekuwa na kipaji cha kweli tungemjua. Angekuwa anaweza, angekuwa steringi. Wanaosema hivi hudhani wanatenda haki, kana kwamba sinema ni mbio za uwanjani ambako mwenye miguu myepesi hufika kwanza na hapana wa kumzuia. Huo ni uongo, na ni uongo unaowadhulumu watu mara mbili: kwanza walinyimwa kazi, kisha wakalaumiwa kwa kuikosa. Ushahidi wangu ni mtu mmoja, Earl Cameron.

Cameron alizaliwa Bermuda tarehe 8 Agosti 1917, kitindamimba wa watoto sita wa mwashi wa mawe aliyefariki mwanawe angali mdogo. Ujana wake ulipitia kwenye meli za biashara, na mwaka 1939, vita vikiwa vimekwisha kuanza, alijikuta London. Kazi kwa mtu mweusi zilikuwa za kuokoteza. Aliosha vyombo mgahawani. Mwaka 1941 rafiki yake mmoja alikuwa akicheza katika *Chu Chin Chow* kwenye ukumbi wa Palace. Ikatokea mwigizaji mmoja hakufika, wakahitaji mtu wa kuziba pengo, na Cameron akapandishwa jukwaani.

Najua waumini wa kizuri chajiuza watasema hapa: si unaona, kipaji kimejitokeza chenyewe! Hapana. Kilichojitokeza usiku ule ni nafasi. Kipaji alikijenga baadaye kwa jasho. Kwa kutambua kwamba sauti na lafudhi yake vingemzuia kupata nafasi za maana, alikwenda kufundishwa na Amanda Ira Aldridge, binti wa Ira Aldridge, yule Mmarekani mweusi aliyecheza Othello katika ukumbi wa Covent Garden mwaka 1833. Uangalie vizuri mwaka huo. Zaidi ya karne moja kabla ya Cameron, London ilikwisha kumwona mwigizaji mweusi akibeba mojawapo ya nafasi nzito kuliko zote za Shakespeare. Basi kisingizio kwamba watazamaji wa Uingereza walikuwa bado hawajawa tayari hakina mguu wa kusimamia.

Baada ya vita alikuwa mwigizaji wa akiba katika tamthilia ya *Deep Are the Roots*, akiyajua maneno yote ya mhusika mkuu ili aingie wakati wowote atakapohitajika. Halafu mwaka 1951 ikaja *Pool of London*, filamu ya studio za Ealing iliyoongozwa na Basil Dearden. Cameron ni Johnny, baharia ambaye meli yake imetia nanga jijini na ambaye anajikuta akimpenda msichana mzungu, Pat. Jambo hilo halikuwa limezoeleka kabisa katika sinema ya Uingereza. Mtazame anavyosikiliza. Waigizaji wengi wanajua kusema. Cameron anajua kunyamaza, na katika ukimya wake unaona mtu anayetaka kuamini kwamba anapendwa huku akijilinda asije akaaibishwa. Filamu yenyewe haikuwa na ujasiri wake. Inamrudisha melini mapenzi yakiwa hayajafika popote.

Kwa mantiki ya kizuri chajiuza, baada ya filamu hiyo simu ya Cameron ingepaswa kulia usiku na mchana. Kilichofuata kinatuhusu sisi wa Afrika Mashariki. Mwaka 1955 alicheza katika *Simba*, hadithi ya Kenya ya wakati wa hali ya hatari, inayoitazama Mau Mau kwa jicho la walowezi. Cameron ni Daktari Karanja, msomi ambaye walowezi hawamwamini na ambaye wanaopigana nao wanamwona msaliti. Ndiye mhusika mwenye mgogoro mzito kuliko wote, mtu aliyekatwa katikati. Filamu ingekuwa yake. Lakini steringi ni Dirk Bogarde, na daktari anakufa. Mwaka uliofuata ikaja *Safari*, iliyopigwa picha Kenya, na safari hii Cameron akapewa nafasi ya muuaji wa Mau Mau. Kipaji kilikuwa kile kile kilichombeba Johnny wa *Pool of London*. Kilichobadilika ni kurasa alizokabidhiwa.

Hapo ndipo msemo wetu unapovunjika. Mwigizaji hajiandikii muswada, hajichagui, wala hajilipi. Mbele yake kuna mwandishi anayeamua nani awe mtu kamili na nani awe kivuli, kuna mwongozaji, na juu yao kuna mwenye fedha. Cameron aliwahi kusimulia kwamba mwongozaji Terence Young alimtaka kwa nafasi ya Quarrel katika filamu ya kwanza ya James Bond, *Dr. No*, lakini upande wa watayarishaji ukakataa. Alisubiri mpaka *Thunderball* ya 1965, kwa nafasi ndogo ya msaidizi wa Bond. Kabla ya hapo alikuwa amecheza daktari, kaka wa msichana aliyeuawa, katika *Sapphire* ya 1959, filamu inayochimba ubaguzi wa London. Kazi yake humo ni safi, yenye hasira iliyofungwa kwa heshima. Nafasi kuu haikuja.

Watu hunijibu kwa jina la Sidney Poitier. Mbona yeye alifika? Poitier alikulia visiwani Bahamas, akapambana na lafudhi yake kama Cameron, na mwaka 1964 akapokea tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora. Lakini Poitier alikuwa Marekani, ambako ubaguzi ulikuwa mkali, hata hivyo walikuwapo watayarishaji waliothubutu kuandikisha hadithi na kumweka katikati yake. Uingereza hawakuthubutu hivyo kwa Cameron. Johnny Sekka, mzaliwa wa Dakar aliyecheza pamoja naye katika *Flame in the Streets* mwaka 1961, hatimaye alihamia Marekani kutafuta nafasi ambazo Uingereza haikumpa. Wote hao nao tuwaambie hawakuwa wazuri?

Tena Cameron na Sekka ni watu ambao nyumba nyingi za pwani yetu zimewaona. Katika *The Message* ya Moustapha Akkad, iliyotoka mwaka 1976, Sekka ndiye Bilal. Cameron ndiye Najashi, mfalme wa Habasha anayewapa hifadhi Waislamu wa kwanza, anayechora mstari ardhini kwa fimbo yake. Ni dakika chache tu, na watu wameyabeba moyoni maneno ya onyesho hilo bila kujua jina la aliyeyasema. Hajulikani, lakini kazi yake inajulikana.

Mwaka 1979 aliondoka Uingereza kwenda Visiwa vya Solomon kwa ajili ya dini yake ya Kibaha'i, akakaa huko mpaka miaka ya 1990. Aliporudi alikuwa mzee, na ndipo mwaka 2005, akiwa na umri wa miaka 87, *The Interpreter* ilipomweka mbele ya Nicole Kidman kama Zuwanie, mkombozi wa nchi aliyegeuka dikteta. Uzito wote wa filamu unaishia kwenye uso wake. Uwezo huo haukuzaliwa mwaka 2005. Ulikuwapo miaka hamsini, ukingoja kurasa. Mwaka 2010 alionekana katika *Inception*, kwenye sehemu inayosemekana kutokea Mombasa ingawa picha zilipigwa Tangier, Morocco. Mhusika wake hana hata jina. Ameorodheshwa kama mzee mwenye upara.

Cameron alifariki tarehe 3 Julai 2020 akiwa na miaka 102. Bermuda ilikwisha kuupa ukumbi wa maonyesho jina lake.

Ombi langu ni kwa wanaoandika habari za burudani na wanaokaa kwenye meza za kutoa tuzo. Mkimtaja mwigizaji aliyekaa pembeni maisha yake yote, msitupe hukumu ya nusu. Tuambieni ni nafasi zipi aliomba, nani alimkatalia, na nani aliandikiwa hadithi badala yake. Nawe msomaji, itafute *Pool of London*, uitazame hadi mwisho, kisha useme kama mtu yule alikosa kipaji.