Wachuuzi watengewe masoko mbali na barabara kuu

Mhariri,

Kila ajali kubwa itokeapo, lawama humwangukia dereva. Ni kweli, wapo wanaotoa gia mteremkoni ili kubana mafuta, breki zikapata moto na kushindwa kushika. Lakini tatizo si dereva peke yake: Londiani, Kaunti ya Kericho, Juni 30, 2023, lori liliwavamia wachuuzi wa kando ya barabara na watu waliokuwa kituoni wakisubiri magari. Zaidi ya watu 50 walifariki.

Baada ya misiba kama hiyo wachuuzi hufukuzwa, kisha hurudi, kwa kuwa wateja wako barabarani. Serikali za kaunti ziwajengee masoko yenye maegesho, mbali na lami, zikianzia kwenye miteremko na makutano. Hata breki zikifeli, lori lisipate umati wa kuparamia.

Msomaji wako,
Kericho