Mtoto Aliyenyamaza



Juma hili nataka tuongee juu ya jambo ambalo wazazi wengi wa huku kwetu Lulindi hulificha kama mtu afichavyo donda chini ya nguo. Ni habari ya mtoto aliyekwisha kuwa mtu mzima, naye yu hai, walakini amenyamaza. Haandiki, hapigi simu, haji nyumbani Noeli wala Pasaka. Ukiwauliza wazazi wake watakujibu, "Yupo Dar es Salaam, hajambo." Kumbe huu ni mwaka wa tatu hawajaisikia sauti yake.

Kama mjuavyo, mimi ni karani wa parokia, na kazi yangu kubwa ni vitabu. Labda wengine hamjui kwamba Mkristo akifunga ndoa mbali na parokia alikobatizwa, padre wa huko hutuletea taarifa, nasi twaiandika katika kitabu cha ubatizo, palepale penye jina lake. Ndiyo sheria ya Kanisa. Kwa hiyo hutokea kwamba karani ajua habari ya mtoto kabla ya mama aliyemzaa.

Hayo yalinipata. Asubuhi moja nilikuwa nimekwisha kuandika taarifa ya namna hiyo, iliyotoka parokia moja ya Dar es Salaam. Wino haujakauka, mara nikasikia hodi. Akaingia mzee mmoja ninayemheshimu sana. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaketi. Akasema, "Mwalimu, nimekuja kuomba Misa. Andika: kwa ajili ya mwanangu aliyepotea." Akanitajia jina. Ndilo lile lililokuwa mbele ya macho yangu.

Sikujua la kufanya. Nikamwomba anisubiri, nikaenda kwa Padre. Padre akaniambia, "Ndoa ya Kanisa si siri, hutangazwa mbele ya watu wote. Mwambie, lakini mwambie kwa upole." Nikarudi, nikasema, "Mzee, mwanao hakupotea. Ameoa, tena ameoa kanisani."

Alinyamaza kitambo kirefu. Niliogopa, maana huku kwetu kijana kuoa bila kumwarifu baba wala mjomba si dharau ndogo. Kisha akauliza, "Mkewe anaitwa nani?" Nikamsomea. Akasema, "Soma tena." Nikasoma tena. Ndipo akasema, "Basi futa hilo neno la aliyepotea. Andika: kwa ajili ya mwanangu na mke wake."

Baadaye alinieleza chanzo. Waligombana kwa sababu ya fedha za korosho. Kijana alikuwa amefanya kazi shambani msimu mzima, amepalilia na kupuliza dawa, na fedha zilipotoka hakuona fungu lake. Akasema maneno makali. Baba naye akajibu, "Sina radhi nawe." Kesho yake kijana akapanda basi.

Wazazi wapenzi, vijana wa kusini kuondoka kwao si jambo jipya. Babu zetu walikwenda kukata mkonge Lindi na Tanga, na wengine hawakurudi. Katika miaka ya 1980 na 1990 vijana wetu walijaa Dar es Salaam wakichuuza bidhaa mkononi, hata jina la Wamachinga, watu wa huko Lindi, likawa jina la wachuuzi wote wa mjini. Zamani hizo tulisema njia ni mbaya: masika mto Rufiji ulikatisha safari, na watu walilala wakingojea pantoni. Lakini tangu mwaka 2003 lipo Daraja la Mkapa, na basi liondokalo Masasi alfajiri hufika Dar es Salaam siku ileile. Simu nazo zipo mifukoni mwetu. Basi tusiisingizie njia tena. Kilichokatika ni kitu kingine.

Nami naweza kusema juu ya kitu hicho, kwa kuwa mimi mwenyewe nimepata kuwa mtoto wa namna hiyo. Nilipomaliza chuo cha ualimu sikupata ajira. Baba alikuwa ametumia fedha za korosho za misimu miwili kunilipia ada. Nikaenda Dar es Salaam, nikawa nachuuza soksi Kariakoo. Kila nilipopiga simu nyumbani, neno la kwanza la baba lilikuwa, "Umekwisha kupata kazi?" Hakuwa na nia mbaya, ni swali la baba yeyote. Lakini mimi nililisikia kama hati ya deni. Mwisho nikaacha kupiga simu. Sikumchukia baba hata siku moja. Nilikuwa naona haya.

Hilo ndilo nitakalo mlishike leo. Ninyi wazazi mwadhani mtoto amenyamaza kwa sababu amewadharau. Wako wa hivyo, sikatai. Lakini wengi wamenyamaza kwa aibu: hana kazi, au amezaa nje ya ndoa, au hakanyagi tena kanisani, au alisema neno ambalo hajui namna ya kulirudisha. Na kila salamu yetu ikija na madai, ya fedha au ya mahubiri, aibu ile yazidi kuwa nzito.

Kilichonirudisha mimi ni ujumbe wa mama, alioandikiwa na mtoto wa jirani katika simu: "Mwanangu, mwaka huu njugu mawe zimezaa vizuri. Tunakusalimu." Basi. Hakuuliza kitu, hakuomba kitu. Niliusoma mara nyingi siku ile, na juma lililofuata nikapanda basi.

Tunaye Mtakatifu Monika, mama Mwafrika wa Tagaste, mji uliokuwa katika nchi iitwayo leo Aljeria. Mwanawe Augustino, aliyezaliwa mwaka 354, alifuata mafundisho ya Mani, yaliyopingana na imani ya mama yake. Monika alichukizwa hata akakataa kukaa naye nyumba moja na kula naye meza moja. Baadaye akaota ndoto iliyomtuliza moyo, akampokea tena. Angalieni vema: alimpokea wakati Augustino hajabadilika hata kidogo. Mwaka 383 kijana yuleyule alimdanganya mama yake, akapanda merikebu usiku kwenda Roma, akamwacha Karthago akilia. Monika akamfuata ng'ambo ya bahari. Augustino alibatizwa Pasaka ya mwaka 387 huko Milano, na mwaka uohuo mama yake akafariki. Meza ilitangulia, ubatizo ukafuata miaka mingi baadaye.

Sasa yafaa tufanye nini? La kwanza, tulinde ndimi zetu. Neno "sina radhi nawe" hutoka mdomoni upesi sana, nalo hukaa sikioni mwa mtoto miaka na miaka. Kama ulilitamka kwa hasira, lirudishe. Mtumie habari kwamba radhi yako anayo. Na kama ulimdhulumu, mathalani kwa kula jasho lake, kiri hivyo bila kuzungukazunguka. Baba haanguki heshima kwa kusema, "Mwanangu, hapo nilikosa."

La pili, tumtafute mtu wa kati. Kwetu sisi Wamakonde, Wamakua na Wayao, ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ana sauti kubwa juu ya watoto wa dada yake. Zamani kijana aliyegombana na baba alikuwa na mahali pa kukimbilia. Siku hizi baba ataka kuwa yote peke yake, na mjomba hukumbukwa siku ya mahari na siku ya msiba tu. Matokeo yake, baba na mwana wakikosana hakuna asimamaye katikati. Basi mwiteni mjomba. Mwiteni na msimamizi wa ubatizo. Yeye hakuwekwa kwa ajili ya pilau ya siku ile moja.

La tatu, msichanganye mambo. Simwambii mtu ampe fedha mwana mlevi azimalize kilabuni. Na mama apigwaye na mwanawe hakosi akiomba msaada wa jirani na wa serikali ya kijiji. Mlango wa fedha waweza kufungwa kwa haki, lakini wa salamu usifungwe.

La nne ni kwa wale waliojaribu yote haya na bado hakuna jibu. Ninyi msijihukumu kupita kiasi. Yule baba wa mfano wa Bwana wetu, Luka sura ya 15, hakuwa baba mbaya, na bado mwana aliondoka. Hatuambiwi kwamba alimfuata wala kwamba alimlaani. Lakini mwana alipokuwa angali mbali baba alimwona. Nami nadhani ni kwa sababu hakuacha kutazama njia.

Labda mwapenda kujua mwisho wa habari ya mzee wangu. Fedha za korosho zilipotoka alimtuma shemeji yake, yaani mjomba wa kijana, kwenda Dar es Salaam na kifurushi cha korosho na cha njugu mawe. Kulikuwa na fungu la fedha pia, ambalo mzee alisema ni la msimu ule wa zamani. Mjomba alirudi na picha ya arusi. Kijana mwenyewe hajaja hata leo. Lakini Pasaka iliyopita alimpigia mama yake simu, na baba akaipokea kwa zamu yake. Hakuuliza habari ya kazi. Hakuuliza mbona hukutuarifu. Alisema, "Huyo mkweli wetu hajambo?"

Kila mwezi mzee huja ofisini kwangu na sadaka yake ya Misa. Siku hizi hanitajii tena nia. Aniona nachukua kalamu, naye atoka.

Wasalaam katika Kristo,
Karani wa Parokia, Lulindi