Mchezo Ukiisha, Mtoto Amebaki na Nini?



Shule zinakaribia kufungwa, na wazazi wameanza kuuliza: watoto tuwape mchezo gani wenye faida? Swali hilo ni jema. Dini yetu haikumnyima mtoto haki ya kucheza. Imepokewa katika Hadithi sahihi kwamba Bibi Aisha (r.a.) alikuwa akicheza na wanasesere nyumbani kwa Mtume (s.a.w.), na wenzake wakija kucheza naye. Basi la kutazamwa ni mtoto acheze nini.

Siku hizi neno "elimu" huandikwa juu ya kila boksi na kila programu ya simu, lakini neno hilo peke yake halitoshi. Kipimo ni kile kinachobaki kwa mtoto baada ya mchezo kwisha. Mzazi na ajiulize mambo matatu kabla hajatoa fedha yake.

Kwanza, ni nani anayefikiri? Katika nyoka na ngazi, dadu ndiyo inayoamua yote. Mtoto husogeza tu. Hapo hatujagusa bado maneno ya wanazuoni kuhusu dadu yenyewe. Linganisha na bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 32, 10 zikiwa mashimoni na 22 mkononi. Kabla ya kutia kete, mtoto hana budi kuhesabu itaishia wapi, atakula zipi, na mwenzake atamjibu vipi. Hiyo ni hesabu ya kichwani, tena ni mazoezi ya subira. Wala tusiseme bao ni la wazee wa barazani; wavulana na mabinti wote wafundishwe.

Pili, je, mchezo una mwisho? Bao huisha, drafti nayo huisha, na watoto wakainuka wakaenda zao. Michezo mingi ya simu imeundwa isiishe: hatua moja hufungua nyingine, na kila siku hutolewa zawadi ili mtoto arudi. Ndipo adhana ya Magharibi inapomkuta ameinamia kioo, na kazi za shule hazijaguswa.

Tatu, je, unadai fedha njiani? Programu nyingi hupakuliwa bure, lakini ndani yake huuzwa visanduku vya bahati: mtoto hulipa bila kujua atapata nini. Mwaka 2018, tume inayosimamia michezo ya kamari nchini Ubelgiji ilitamka kuwa visanduku vya namna hiyo, katika baadhi ya michezo mashuhuri ya kompyuta, vinavunja sheria ya kamari ya nchi hiyo. Sisi tunaosoma katazo la kamari katika Suratul Maida, aya ya 90, tuna udhuru gani wa kutoliona? Mzazi anayemwachia mtoto simu, na mtoto akawa anaijua namba ya siri ya pesa, huenda anamlipia mwanawe darasa la kwanza la kamari.

Mchezo mwema si lazima ununuliwe dukani. Scrabble ya Kiingereza ina vibao 100. E zimo 12, A ni 9 tu, na zimo pia Q na X ambazo maneno yetu hayazihitaji. Mtoto anayeunda maneno ya Kiswahili humo hukwama kwa kukosa herufi, si kwa kukosa akili. Kwa kuwa maneno yetu hujengwa kwa silabi, kata karatasi ya manila vipande 60, uandike ba, ka, la, ma, ni, ta na nyinginezo, zile zinazotumika sana ukizirudia. Kila mchezaji achukue vipande saba, apange neno, na aeleze maana yake kabla ya kupewa alama. Wa darasa la sita atacheza na wa darasa la pili, na bibi awe mwamuzi, kwani anayo maneno ambayo vitabu vya shule havina. Drafti nayo yahitaji ubao wenye miraba 64 na vizibo vya soda 24, nusu vikilazwa chali na nusu kifudifudi.

Jambo moja tu haliwezi kutengenezwa kwa manila: mtu mzima wa kukaa na mtoto. Anayefundishwa bao na baba au mama hujifunza pia kushindwa bila kununa na kushinda bila kejeli. Mafunzo hayo hayamo katika boksi lolote. Basi likizo hii, tutenge angalau nusu saa baada ya Alasiri, simu zikiwa kando, tucheze nao.

Wabillahi tawfiq.