Usiniulize Kama Niko Timu Marekani au Timu Uchina

Wasee, kuna ligi mpya mtandaoni. Mmoja anasema Marekani inatupeleleza, mwingine anasema ni Uchina, wanatukanana mpaka bando inaisha. Nauliza tu: kati yenu, nani amesoma mkataba hata mmoja?

Tuanze na yanayojulikana. Mwaka 2019 serikali ya Uhuru Kenyatta ilikubaliana na Huawei ya Uchina kuhusu kituo cha data cha Konza na mambo ya miji ya kisasa. Bei: Ksh 17.5 bilioni, na pesa yenyewe ni mkopo wa Uchina. Mei 2024, William Ruto akiwa ziarani Washington, Microsoft na G42 ya Falme za Kiarabu wakatangaza mpango wa dola bilioni 1, kituo cha data cha kutumia umeme wa mvuke wa Olkaria. G42 hiyo hiyo ilikuwa imebanwa na Wamarekani iachane na vifaa vya Huawei. Kila mtu alikuja mezani na masharti yake. Sisi yetu yalikuwa gani?

Kuna wale wataniambia, "Lakini seva zitakuwa hapa Kenya, bana." Sawa. Mimi ni mtu wa Katito. Hapa Nyakach tuna Sondu-Miriu, mtambo wa umeme wa maji wa megawati 60, uliojengwa kwa mkopo wa Japani. Ni kitu kizuri, sikatai. Lakini umeme wake unaingia gridi ya taifa, na nyaya zinaweza kupita juu ya boma ambalo halina hata balbu. Kitu kukaa kwenu haimaanishi ni chenu.

Data ni vilevile. Marekani ina sheria ya 2018, CLOUD Act, inayoweza kulazimisha kampuni zao zitoe data hata kama imehifadhiwa nchi nyingine. Uchina ina sheria ya ujasusi ya 2017 inayotaka kampuni zao zishirikiane na serikali. Kwa hivyo ukishabikia upande mmoja, unachagua tu nani ashike funguo za nyumba yako.

Na hii si stori ya Nairobi peke yake. Desemba 2025 Kenya na Marekani zilitia sahihi mkataba wa afya wa miaka 5, Marekani ikiahidi hadi dola bilioni 1.6. Ndani yake kulikuwa na kupeana data za afya. Serikali ilisema data italindwa na sheria zetu. COFEK, wanaotetea watumiaji, wakaenda kortini, na Mahakama Kuu ikasimamisha kwa muda sehemu hiyo ya data. Ona sasa: tulianza kujadiliana baada ya sahihi kukauka.

Huku kando ya ziwa, rekodi ya hospitali si mchezo. Kuna mtu anapanda matatu kwenda kuchukua ARV zake mji mwingine ili jirani asimwone. Huyo amejificha jirani, halafu sahihi inawekwa ng'ambo bila yeye kuulizwa?

Mtasema bila hizo pesa kliniki zitaumia. Ni kweli, na ndiyo maana lazima tuwe wakali. Hata mwenye shida akipeleka ng'ombe sokoni, hafungui kamba kabla ya kuhesabu pesa.

Na ile methali ya fahali wawili na nyasi imenichosha. Nyasi hazina katiba. Sisi tunayo, ya 2010. Kifungu cha 31 kinalinda faragha yako, cha 35 kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Juu yake kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mimi niliacha chuo, na hizi zote nimezisoma kwa simu. Usiniambie ni ngumu.

Ninachotaka ni kidogo: mkataba wowote unaogusa data zetu uwekwe wazi, kwa lugha tunayoelewa, kabla ya mtu kushika kalamu. Uwe wa Beijing, Washington au Abu Dhabi.

Kwa hivyo mheshimiwa wako akija matanga wikendi hii, wacha kumuomba pesa ya soda. Muulize mbele ya watu: "Mheshimiwa, ule mkataba wa data uliusoma? Nionyeshe."