Kurasa 6,000, Kura Moja

Anayevuka daraja la Rusizi I kutoka Rwanda kwenda Bukavu, Kongo, hubeba mzigo kichwani na karatasi mkononi. Karatasi hizo hutoka kwenye kompyuta, na anayechapa kwa kulipwa anaijua adha yake: faili lililoandikwa kwa programu moja hufunguka katika nyingine jedwali likiwa limepinda, tarakimu zimehama safu. Umbo la faili hilo lilipigiwa kura na mataifa. Je, nani alipiga kwa niaba yetu?

Septemba 2007 mashirika ya viwango ya nchi mbalimbali yalipigia kura OOXML, muundo wa nyaraka wa Microsoft, ingawa muundo mwingine, ODF, ulikuwa tayari kiwango cha kimataifa tangu 2006. Rasimu ilizidi kurasa 6,000, nayo ilipelekwa kwa njia ya mkato. Kenya ilisema ndiyo. Hata hivyo rasimu haikupata wingi uliohitajika: ndiyo 17 tu kati ya kura 32 za wanachama kamili. Februari 2008 wajumbe walikaa Geneva siku 5, na Machi ndiyo zikafika 24, rasimu ikapita. Kenya safari hii haikuegemea upande wowote. Afrika Kusini ilikataa mara zote mbili, ikakata rufaa pamoja na Brazil, India na Venezuela, rufaa zikatupwa.

Kenya kubadili msimamo hakutusumbui; anayesoma kurasa 6,000 ana haki ya kusita. Kinachotusumbua ni kura ya taifa kupigwa na kamati ambayo taifa lenyewe haliijui. Uswidi ilifuta kura yake ilipobainika kuwa mshiriki mmoja alipiga zaidi ya mara moja. Huko angalau kulikuwa na mtu aliyehesabu.

Rwanda ina shirika lake la viwango, RSB, na ng'ambo ya daraja Kongo ina lake, OCC. Nchi zote mbili zimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambako viwango vya pamoja vya mahindi, maziwa na saruji hupitishwa na wajumbe wa mashirika kama hayo. Basi kila kura ibandikiwe karatasi moja: waliokaa kwenye kamati, wanaowalipa mshahara, na sababu ya ndiyo au hapana. Iandikwe kwa Kinyarwanda na Kiswahili, ibandikwe hata ukutani pale darajani, muuza nyanya aisome akisubiri kugongewa muhuri.