Likizo ya wawili si lazima iwe ya mkopo, shukeni Marikiti

KILA Desemba ikikaribia, simu zetu hujaa picha za aina moja. Wawili wameshikana mikono ufuoni, glasi ya juisi pembeni, na maneno ya kumsifu bae. Tunabonyeza laiki, halafu usiku tunaanza kupiga hesabu: na sisi je, tutaenda lini?

Mimi na mke wangu tuliingia mtego huo mwaka juzi. Tulilipia siku nne katika hoteli moja ya ufuoni, kila kitu humo humo: kulala, kula, kuogelea. Pesa hazikutosha, nikakopa kwa simu. Hoteli yenyewe haikutukosea chochote. Chakula kilikuwa tele na kitanda kizuri. Lakini tulikaa siku nne Mombasa bila kuiona Mombasa. Asubuhi bafe, mchana kidimbwi cha kuogelea, jioni kila mtu na simu yake.

Picha zilipendwa na watu wengi. Mkopo niliumaliza Aprili, na kufikia hapo tulikuwa tumeugombania mara ambazo sitaki kuzihesabu.

Ndiyo maana nasema hivi, na najua kuna watakaonicheka: kwa vijana wa kipato chetu, likizo bora ya wawili si hoteli. Ni mji. Na ukiniuliza Mombasa uanzie wapi, nitakwambia Marikiti.

Agosti iliyopita tulirudi, safari hii na pesa zetu wenyewe. Tulipanda SGR daraja la kawaida. Nauli yake ilitoka Sh1,000 ikawa Sh1,500 Januari 2024, na bado tuliona inatufaa. Treni inaishia Miritini, si katikati ya mji, kwa hivyo weka kando nauli ya matatu. Tukakodi chumba kidogo Mji wa Kale, ghorofani, chenye dirisha la mbao na feni ya kelele.

Asubuhi ya kwanza nikampeleka mke wangu Marikiti. Akasimama mlangoni, akanitazama. “Umenileta likizo ama umenileta soko?”

Nilikuwa sina jibu, lakini soko lilikuwa nalo. Jengo hilo lilijengwa 1914 na Waingereza wakaliita Mackinnon Market. Wenyeji walichukua neno la Kiingereza, wakalitia irabu, likawa Marikiti, na jina hilo ndilo lililokaa. Ndani kuna maembe, ndimu, nazi na mapapai. Kisha harufu inakuvuta kwenye viungo: iliki, karafuu, mdalasini, pilipili manga.

Mzee mmoja mwenye kofia ya kito tulimwamkia shikamoo. “Marahaba, wanangu. Mwataka bizari ya pilau ama ya mchuzi?” Mimi nilidhani bizari ni bizari. Mzee akacheka, akafungua mikebe, akatunusisha moja baada ya nyingine. Mke wangu akauliza swali, kisha jingine, na kabla sijajua wamefika kwenye mapishi ya samaki wa kupaka. Nusu saa nzima sikumwona akishika simu. Katika zile siku nne za hoteli sikumbuki nusu saa kama hiyo.

Chakula ndicho kinachonifanya niseme mji unashinda bafe. Asubuhi tulikula mahamri na mbaazi za nazi. Jioni tulisimama barabarani tukala viazi karai, mshikaki, na muhogo uliopasuliwa ukapakwa pilipili na ndimu. Usiku tukaketi kwenye benchi la muuza kahawa, vikombe vidogo vya kahawa chungu mkononi, kipande cha haluwa cha kuiondoa ule uchungu.

Na kila nilipolipa, nilimwona aliyepokea. Sisemi hoteli haziwafai watu. Zimeajiri wengi pwani, na wengine ni jamaa zetu. Nasema tu kwamba shilingi ya mbaazi inaingia mkononi mwa mama aliyeamka alfajiri kuzipika, bila kupitia ofisi yoyote. Likizo za vijana zikiishia nyuma ya ua wa hoteli, mama huyu hatatuona hata siku moja, ijapokuwa tunaposti kila siku kwamba tuko Mombasa.

Kutoka Marikiti unashika Langoni kwa miguu, unaingia Mji wa Kale. Vichochoro vinakuwa vyembamba, milango ya nakshi inaanza, na mkifika Ndia Kuu mnakuwa mmeshapotea mara mbili. Poteeni tu. Mkifika Fort Jesus, kumbukeni Wareno walianza kuijenga 1593, na Waomani waliichukua 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Tangu 2011 iko kwenye orodha ya turathi za dunia ya UNESCO.

Lakini Mji wa Kale si jumba la makumbusho. Ni mtaa wa watu. Nyuma ya mlango ule mzuri unaotaka kuupigia selfi kuna mtu anapika, mtoto anasoma chuoni, bibi amepumzika. Niliona wageni wa rika letu, kaptula fupi na spika begani, wakimpiga picha mama mwenye buibui bila hata salamu. Nilitahayari kwa niaba yao. Vaa la heshima, leso si mzigo. Salimu kwanza, omba ruhusa, na ukiambiwa hapana, ni hapana.

Na wale mnaopenda kupanda milima? Kisiwa hakina mlima, ila kutembea kupo. Kutoka Fort Jesus tulikwenda hadi Mama Ngina Drive, kwenye mibuyu mikubwa na upepo wa bahari, dafu mkononi. Siku iliyofuata tulivuka Likoni kwa feri, ambako waendao kwa miguu hawalipi, tukachanga gari la Shimba Hills, Kwale, na wawili wengine tuliokutana nao pale tulipolala. Kiingilio hulipwa kupitia eCitizen, kwa hivyo msingoje kufika langoni ndipo mtafute mtandao.

Msitu huo ndio makao pekee ya palahala hapa Kenya. Askari wa wanyamapori alitutangulia kwa miguu hadi maporomoko ya Sheldrick, maji yanayoanguka zaidi ya mita 20. Kushuka tulikuwa tunaimba. Kupanda tukarudi ni hadithi nyingine. Mimi ndiye niliyesema hiking ni rahisi, na mimi ndiye niliyeketi kwenye jiwe mara tatu. Mke wangu alinisubiri kila mara, akanipa maji, akanicheka. Mwanzo nilinuna. Kisha nikajiuliza ni lini mara ya mwisho aliniona nikishindwa na jambo nisilificha. Mkopo ule wa mwaka juzi nilikuwa nimeuficha wiki mbili.

Pwani hatukuiacha. Siku ya mwisho tulipanda matatu hadi ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, Bamburi, uliojaa familia, watoto na maboya ya mipira ya magari. Ushauri mmoja tu: uliza kwanza maji yanajaa saa ngapi. Tulifika yamekupwa, tukatembea sana kabla ya kulowa magoti.

Najua mtanipinga. Mtasema joto la Mombasa si la kutembea. Kweli, basi tembea asubuhi na jioni, adhuhuri lala, kama wenyeji wanavyofanya. Mtasema kuna wezi na madalali wa watalii. Wapo, kama walivyo Nairobi. Ficha simu, kubalianeni bei kabla ya kuanza, na usiku wa manane msizurure. Mtasema mapenzi yanataka faragha na starehe. Sawa, na mwenye pesa za hoteli aende, simwonei wivu. Maneno yangu ni kwa yule anayefikiria kubonyeza nambari za mkopo ili aonekane amependwa.

Hoteli inawaondolea kila uamuzi. Mji unawarudishia: tule wapi, tupite wapi, nani anabeba maji, nani ameshika pesa. Tuligombana pia safari hii, kwenye foleni ya feri, juu ya nani aliyesahau kofia. Lakini tulimaliza kabla ya kufika ng'ambo, kwa sababu hapakuwa na chumba cha kununia.

Tulirudi nyumbani na bizari ya pilau, leso mbili za Biashara Street, na bila meseji hata moja ya kudaiwa. Picha tulizoposti ni chache, na laiki zake ni chache zaidi.

Kwa hivyo kabla ya Desemba hii, wewe na mwenzako kaeni chini, zimeni simu, muulizane swali moja kwa ukweli: tunakwenda likizo ili tuonekane, ama tuonane?